Kutoka zizini hadi muhuri: kukagua nyama ya ng'ombe bila kumuumiza anayemchinja

Kabla ng'ombe wa kwanza hajaingia, machinjio yawe yameshajibu swali moja: nani akisema "simameni", kazi inasimama kweli? Wanatakiwa wawe wawili. Wa kwanza ni mkaguzi wa serikali, kwa ajili ya nyama. Wa pili ni mfanyakazi yeyote aliyeshika kisu, kamba au kitufe cha winchi, kwa ajili ya mwili wake. Mamlaka hayo yaandikwe, yabandikwe ukutani, na mwenye machinjio ayatie saini, kwa sababu mambo mengi yaliyomo humu yanaharibika kwa sababu moja tu, nayo ni haraka. Mkaguzi anayesukumwa hakati tezi zote. Mchunaji anayesukumwa haoshi kisu, na baada ya saa tatu za mwendo huo anajikata.

Historia ya sheria imeyatenganisha mambo haya mawili kwa muda mrefu mno. Marekani ilipitisha sheria ya ukaguzi wa nyama mwaka 1906, ikamweka mkaguzi wa serikali kabla na baada ya kuchinja. Sheria ya jumla ya usalama kazini, inayomgusa mwenye kisu, ilikuja mwaka 1970. Machinjio mengi duniani bado yanaendeshwa hivyo: nyama ina mkaguzi wake, mchinjaji hana mtu. Mwongozo huu unamfuata ng'ombe hatua kwa hatua na kushughulikia yote mawili pale pale yanapotokea. Maamuzi ya mwisho yafuate sheria ya nchi yako.

Zizini

Ng'ombe afike na hati inayoonyesha ametoka wapi, ana alama gani na alitibiwa kwa dawa gani, lini. Kila dawa ya mifugo ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo yake, yaani siku ambazo lazima zipite kati ya dozi ya mwisho na kuchinjwa. Kama muda haujaisha, mnyama arudi au asubiri. Mabaki ya dawa hayana rangi wala harufu, na hakuna kisu kitakachoyafichua baadaye.

Maji yawepo muda wote. Chakula kisitishwe saa 12 hivi kabla ya kuchinja, na isizidi siku nzima. Tumbo lililojaa linapasuka kirahisi wakati wa kulitoa, lakini njaa ndefu na vurugu humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. Sukari hiyo ndiyo hugeuka asidi baada ya kifo na kuishusha pH ya nyama, yaani kipimo cha asidi, kutoka karibu 7 hadi kati ya 5.4 na 5.7 ndani ya siku moja. Ng'ombe aliyechoka, aliyepigwa au aliyepigana na wenzake hutoa nyama nyeusi, ngumu na kavu, yenye pH inayobaki juu ya 6, na nyama hiyo huoza upesi. Kwa hiyo fimbo na makelele zizini ni hasara kwa mwenye nyama. Ni hatari pia kwa mswagaji, kwa kuwa ng'ombe aliyetishwa hupiga teke na kuruka kuta. Weka upenyo wa sentimita 35 hivi kwenye kuta za zizi na kichochoro, ambao mtu anaweza kuchomokea na ng'ombe hapiti. Kamwe mtu asisimame nyuma ya mnyama mahali asipoweza kutoka.

Ukaguzi wa mnyama hai ufanyike ndani ya saa 24 kabla ya kuchinjwa, mchana au kwenye taa inayofaa. Ukaguzi usimalizwe kwa kuchungulia juu ya ukuta. Mwangalie kwanza akiwa ametulia: anavyopumua, anavyolala, kama anacheua, kama anatokwa na mate au kamasi. Kisha atembezwe, umwone pande zote mbili, mbele na nyuma. Tafuta kuchechemea, kuharisha, uvimbe, macho mekundu, vidonda vya mdomo na kwato, kuyumba, kutokwa na uchafu ukeni. Anayeshukiwa apimwe joto. La kawaida kwa ng'ombe ni nyuzi 38 hadi 39.5. Joto likivuka 40.5, mzuie, mpe kivuli na maji, kisha umpime tena baada ya kupumzika, kwa sababu safari ndefu nayo hupandisha joto. Likibaki juu, asichinjwe.

Jike mwenye mimba kubwa asichinjwe bila sababu ya lazima. Maji ya uzazi, kondo na kijusi ni miongoni mwa njia kuu za mchinjaji kupata brusela, homa ya Q na, panapokuwa na mlipuko, homa ya Bonde la Ufa. Jike aliyetupa mimba hivi karibuni awekwe mbali na wengine, na mkaguzi aulize kama kuna mimba nyingine zilizotupwa kule alikotoka.

Aliyekutwa amekufa

Sehemu hii isomwe mara mbili. Ng'ombe aliyekutwa amekufa zizini haingii sakafu ya kuchinjia kwa hali yoyote, hata kama mwenyewe analia hasara. Akiwa amevimba haraka, hajakakamaa vizuri, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au mkunduni, mchukulie kuwa ana kimeta hadi maabara iseme vinginevyo.

Usimpasue. Ndani ya mzoga uliofungwa vimelea vya kimeta hufa kwa uozo. Vikikutana na hewa hujifunika na kuwa mbegu ngumu zinazoweza kuishi ardhini miaka mingi. Ziba matundu ya mwili kwa vitambaa vilivyolowa dawa ya kuua vimelea, funika mzoga, zuia mbwa na ndege, zuia watu, mwite daktari wa mifugo wa serikali. Sampuli ataichukua yeye. Mzoga utachomwa au kufukiwa kwa kina kirefu, ngozi yake juu yake.

Wakati mwingine dalili huonekana ng'ombe akiwa ameshafunguliwa: bandama imevimba sana, nyeusi, laini kama uji. Hapo mkaguzi asimamishe kazi yote. Hakuna kinachotoka, si mzoga, si matumbo, si ngozi, si kisu, si aproni. Mizoga iliyogusana na huo izuiwe nayo. Maji ya nyuzi 82 hayaui mbegu za kimeta, basi mtu asidanganyike kwamba amesafisha kisu kwa kukichovya. Wote waliougusa waandikwe majina na wapelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa zipo dawa za kuzuia ugonjwa zinazofaa zaidi kabla dalili hazijaanza. Kidonda cha kimeta huanza kama kipele kinachowasha, kisha huwa na ukoko mweusi katikati na mara nyingi hakiumi. Kutouma huko ndiko kunakowafanya watu wasubiri nyumbani.

Kizimbani na kwenye winchi

Panapotumika bastola ya msumari kumpoteza ng'ombe fahamu, ile inayotoa msumari wa chuma na kuurudisha ndani, lenga kwenye paji la uso. Chora kwa macho mistari miwili, kila mmoja kutoka jicho moja hadi kwenye shina la pembe ya upande wa pili. Inapokutana ndipo pa kupiga. Bastola ifunguliwe na kusafishwa kila siku, kwa sababu masizi hupunguza nguvu ya msumari. Ya pili, iliyo tayari, iwe karibu. Mnyama aliyepigwa vizuri huanguka papo hapo, hapumui kwa mpangilio, hafungi jicho ukiligusa, na hajaribu kuinuka. Ukiona dalili moja ya fahamu, mpige tena mara moja, na asifungwe mnyororo kabla hajatulia. Damu itolewe ndani ya sekunde 60. Ng'ombe asiyezimika vizuri akifungwa mnyororo na kunyanyuliwa anaweza kuvunja mbavu za aliye chini yake. Kazi ya kuchuna au kukata chochote isianze hadi damu iishe na dalili zote za uhai zitoweke.

Winchi ikaguliwe kila asubuhi: mnyororo, ndoano, pini, breki. Hakuna anayepita chini ya mzoga unaopanda. Saketi za umeme kwenye sakafu yenye maji ziwe na kikata umeme kinachozima mkondo ukivuja kwa miliampia 30, kinachojaribiwa kwa kitufe chake kwa ratiba inayoandikwa.

Kisu na mkono

Kisu butu hukata watu kuliko kisu kikali, kwa kuwa mwenye nacho hulazimika kusukuma kwa nguvu, na kikiponyoka hakuna kinachokizuia. Kinolewe kabla ya zamu, na makali yanyooshwe kwa chuma cha kunolea kila baada ya mizoga michache. Muda wa kunoa uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Pale ambapo mtu anatakiwa anoe wakati wa mapumziko yake, atafanya kazi na kisu butu, na lawama si yake.

Mkono usioshika kisu uvae glavu ya nyavu za chuma inayofika juu ya kifundo. Anayevuta kisu kuelekea mwilini avae pia aproni ya nyavu za chuma. Glavu hiyo haivaliwi karibu na msumeno unaozunguka, kwa sababu meno yakishika nyavu yataburuta mkono mzima. Mpini uwe na kizuizi cha kuzuia vidole kuteleza kwenye makali. Kisu kinapotembea, kiwe kwenye ala. Kikianguka, kiache kianguke. Anayejaribu kukidaka ndiye anayekatwa kiganja. Nafasi kati ya wenye visu iwe kubwa kiasi kwamba mikono miwili iliyonyooshwa haigusani.

Maumivu ya kifundo, ganzi ya vidole usiku na bega lisiloinuka hayaji siku moja. Yanaletwa na mkato ule ule unaorudiwa maelfu ya mara kwa siku, na baridi huyazidisha. Wazungushe watu kila saa moja au mbili kati ya kazi zinazotumia misuli tofauti. Kumtoa mtu kwenye kuchuna paja la kushoto na kumpeleka paja la kulia hakumpumzishi. Na kama mwenye machinjio anataka mizoga zaidi kwa saa, aongeze watu kwanza.

Kuosha kisu ipasavyo

Hapa ndipo nyama safi inapochafuliwa zaidi. Kila kituo kiwe na beseni la kunawia lisilofunguliwa kwa kiganja, na chombo cha maji ya nyuzi 82 au zaidi. Utaratibu ni huu:

1. Suuza kisu kwa maji ya vuguvugu hadi damu na mafuta yaondoke. Ukianza na maji moto, damu itagandia kwenye chuma na kuwakinga vimelea.
2. Kiweke kwenye maji ya nyuzi 82, makali yote na sehemu ambapo chuma kinaingia kwenye mpini.
3. Chukua kisu cha pili kilichokuwa kikikaa humo na uendelee.

Visu viwe viwili kwa kila mtu kwa sababu kuchovya na kuchomoa hakuui kitu. Kisu kinahitaji kukaa kwenye joto, na ukiwa na viwili, kimoja kinakaa muda wote unaoshughulikia mzoga mmoja. Pima joto kwa kipimajoto, katikati ya maji, kabla ya zamu na mara kadhaa katikati yake, uandike. Mvuke si kipimo. Chombo kifunikwe au kizungushiwe kinga, maana maji hayo yanaunguza ngozi kwa sekunde chache.

Kuchuna na kutoa matumbo

Ngozi ndiyo yenye kinyesi, tope na vimelea. Nyama iliyo chini yake, kwa mnyama mwenye afya, haina vimelea karibu kabisa. Kazi nzima ya kuchuna ni kuzuia vitu hivyo viwili visigusane. Baada ya mkato wa kwanza badilisha kisu, kisha ukate kutoka ndani kwenda nje, makali yakitazama nje, ili usipitishe manyoya kwenye nyama. Mkono mmoja ushike ngozi, mwingine ushike kisu, na mkono wa ngozi usiguse nyama hadi unawe. Ngozi ikunjwe kuelekea nje inavyofunguka. Ikijikunja ndani, ukingo wake utaupaka mzoga uchafu kwa urefu wote.

Umio ufungwe mapema, ili kilicho tumboni kisirudi shingoni mzoga ukitundikwa. Mkundu ukatwe kwa kuzunguka, uvishwe mfuko wa plastiki na kufungwa kamba kabla haujasukumwa ndani. Matumbo yatoke ndani ya dakika 45 tangu mnyama aanguke. Yakikawia, utumbo hulegea na kupasuka, na vimelea vyake huanza kuhama. Kichwa, matumbo, viungo vya kifuani na mzoga vipewe nambari moja. Bila hivyo, kifua kikuu kikionekana kwenye mapafu hakuna anayejua ni mzoga upi.

Kinyesi kikidondoka kwenye nyama, kikate pamoja na kipande cha nyama kinachokizunguka. Usikioshe. Maji hufanya doa lionekane limekwisha, huku yakisambaza vimelea kwenye eneo kubwa zaidi na kuwarushia usoni waliosimama karibu. Kuosha mzoga huja mwisho, baada ya madoa yote kukatwa, na kwa maji yanayofaa kunywewa.

Ukaguzi baada ya kuchinja

Mwanga mahali pa ukaguzi usipungue luksi 540, na uwe mweupe, kwa sababu taa ya njano huficha umanjano wa mafuta. Mkaguzi naye ana visu viwili, ndoano, na beseni lake. Tezi za limfu hukatwa vipande vyembamba, si mara moja katikati.

Kichwa kwanza. Ulimi ushushwe, utazamwe na kupapaswa hadi shinani. Kata jozi tatu za tezi: za chini ya taya, za chini ya sikio, na zile zilizojificha nyuma ya koromeo. Hizi za mwisho ndizo wavivu huziruka, nazo ni miongoni mwa mahali kifua kikuu cha ng'ombe huonekana mapema. Misuli ya shavu ikatwe mara mbili kwa nje, sambamba na mfupa wa taya, na mara moja kwa ndani. Hapo unatafuta mabuu ya tegu: vifuko vya mviringo mrefu, milimita 5 hadi 10, vyenye maji na nukta nyeupe ndani. Vilivyokufa huwa vidonge vya njano au kijani vinavyokwaruza kisu.

Kwenye mapafu, papasa kwanza, kwa kuwa vidole hukuta vinundu ambavyo macho hayavioni. Kisha kata tezi za kwenye matawi ya koo la hewa na zile zilizo kati ya mapafu mawili. Usaha mzito wa njano unaokwaruza kama mchanga unaashiria kifua kikuu. Mapafu magumu yenye michoro kama marumaru, na maji ya njano kifuani, yanaashiria homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo lazima iripotiwe. Vifuko vikubwa vya maji maangavu, kwenye mapafu au ini, ni vya tegu mdogo wa mbwa. Usivitoboe, na visitupwe mahali mbwa anafika: akila, mzunguko unaanza upya na mtu ndiye anayekuja kupasuliwa hospitalini.

Moyo hufunguliwa kwa mkato mmoja unaopita vyumba vyote viwili vya chini na ukuta wa kati, nao pia kwa ajili ya mabuu ya tegu. Ini hupapaswa lote, hukatwa upande uliolala tumboni hadi mirija ya nyongo ifunguke. Mirija iliyokakamaa kama bomba, yenye minyoo bapa, hulifanya ini likataliwe, ila mzoga unaweza kuwa salama. Bandama hupapaswa. Tezi za utumbo hutazamwa, na zikishukiwa hukatwa. Figo hutolewa kwenye mafuta yake. Kiwele na mfuko wa uzazi vishikwe kwa glavu, vitazamwe, na visifunguliwe kwenye sakafu ya nyama.

Mwisho ni mzoga wenyewe: rangi ya mafuta, michubuko, majipu, alama za sindano, viungo vilivyovimba, utando wa kifua na tumbo, kiwambo, na mikato ya misuli ya bega pale sheria inapotaka. Kisu kikigusa usaha au kinundu cha kifua kikuu, kinaenda kwenye maji moto pale pale kabla hakijagusa kitu kingine. Mkaguzi anayesahau hilo anakuwa yeye ndiye anayesambaza ugonjwa.

Uamuzi na muhuri

Kuna njia tano: kupita, kuzuiwa kusubiri majibu, kupita kwa masharti, kukataliwa sehemu, kukataliwa kote. Mfano wa masharti ni mzoga wenye mabuu machache ya tegu: hugandishwa kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10, na baadhi ya nchi hutaka 14. Mabuu yakiwa yametapakaa mwilini, wote unakataliwa. Kifua kikuu kilichoenea kwenye viungo vingi, au kwa mnyama aliyekonda vibaya, hukataa mzoga wote.

Nyama iliyokataliwa ikatwekatwe na imwagiwe rangi mbele ya mkaguzi, ikae kwenye chumba au chombo chenye kufuli, na ufunguo awe nao yeye. Nyama iliyokataliwa na kuachwa wazi hadi jioni huishia kwenye chungu cha mtu. Muhuri wa kupitisha nao ukae chini ya kufuli, na wino uwe wa chakula. Malipo ya mkaguzi yasitegemee idadi ya mizoga aliyoipitisha.

Kile ambacho macho hayaoni

Ukaguzi wa macho na kisu ulibuniwa kwa magonjwa yanayoacha alama. Bakteria kama E. koli O157:H7 na salmonela hawaachi alama, na ng'ombe mwenye nao anaweza kuwa na afya njema kabisa. Mwaka 1993 nchini Marekani nyama ya kusaga isiyoiva iliwafanya watu zaidi ya 700 waugue na kuua watoto 4. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza kuwa nyama mbichi ya kusaga yenye bakteria huyo ni chakula kilichoharibika kisheria, na mwaka 1996 ikayalazimisha machinjio kuwa na mpango ulioandikwa wa kudhibiti hatari katika kila hatua, pamoja na vipimo.

Mpango huo si lazima uwe kitabu. Chagua hatua ambazo zikikosewa hakuna ya baadaye itakayorekebisha: kinyesi kwenye mzoga na joto la ubaridi, kwa kawaida. Kwa kila moja andika kikomo, nani anapima, mara ngapi, na anafanya nini kikomo kikivukwa. Kwa kinyesi kikomo ni sifuri. Mara kwa mara panguseni mizoga kwa sponji safi kwenye paja, ubavu wa chini na kifua, eneo la sentimita za mraba 100 kila sehemu, mkapeleke maabara. Idadi ikipanda, rudini kwenye kuchuna mkaangalie nani amekosa muda wa kuosha kisu.

Kwenye ubaridi, mizoga isigusane. Nyuzi 7 ndiyo kikomo katikati ya nyama nene ya paja, nyuzi 3 kwa maini na viungo vingine, na kipimajoto kichomwe ndani badala ya kusoma kile cha ukutani. Usiharakishe mno: misuli ikishuka chini ya nyuzi 10 kabla ya saa 10 kupita tangu kuchinjwa, hujikunja na nyama huwa ngumu.

Homa, jeraha na kliniki

Mchinjaji mwenye homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo mara nyingi hutibiwa malaria mara tatu kabla mtu hajafikiria brusela. Brusela inaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kuambukizwa. Mpe kila mfanyakazi kadi inayosema anafanya kazi machinjioni na anagusa damu, mkojo, na maji ya uzazi ya mifugo, aionyeshe kwa daktari kabla ya kueleza dalili. Kadi hiyo haigharimu chochote na hufupisha sana safari ya kupata jibu. Mkojo na figo huleta bakteria wa leptospira. Kondoo na mbuzi huleta vidonda vya orfu mikononi. Chanjo ya pepopunda iwe ya sasa kwa wote.

Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, likandamizwe, lifungwe plasta isiyopitisha maji. Iwe ya buluu, ili ikidondokea kwenye nyama ionekane. Damu au maji ya uzazi yakiingia jichoni, mwagia maji safi dakika 15. Anayeharisha asiguse nyama hadi saa 48 zipite tangu alipopona, na alipwe siku hizo. Ukimkata mshahara, kesho atakuja kazini na kunyamaza, na nyama ndiyo itakayolipa.

Jioni

Wanaosafisha usiku hukutana na hatari zote bila msimamizi wa mchana. Kabla mkono haujaingia kwenye msumeno, mashine ya kusaga au mnyororo, swichi kuu izimwe na ifungwe kwa kufuli la mtu anayesafisha, na ufunguo ukae mfukoni mwake. Kitufe cha kusimamisha hakitoshi, mtu mwingine anaweza kubonyeza cha kuwasha. Klorini isichanganywe na dawa yenye asidi, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu.

Shimo la maji machafu na la samadi liwe na kifuniko kilichofungwa. Ndani yake kuna gesi ya salfidi ya haidrojeni, inayonuka kama yai viza ikiwa kidogo. Ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni, pua hupoteza uwezo wa kuinusa, kwa hiyo kutosikia harufu si usalama. Hakuna anayeshuka bila hewa kupimwa kwa kifaa, feni kupuliza, mkanda mwilini wenye kamba, na mtu wa nje anayeshika kamba hiyo bila kuondoka. Anayeanguka ndani avutwe kwa kamba. Aliye nje apige kengele, aite zimamoto, na asishuke kumfuata, hata kama ni ndugu yake: wengi wamekufa kwenye mashimo haya kwa kuingia kuokoa.